Mwanya Ambao Hakuna Aliyeuagiza

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vioo vya madirisha, na manyunyu yalidondoka taratibu kana kwamba mbingu hazina haraka na mtu.

“Fundi! Njoo upokee mzigo wako, mwenzio nimelowa!”

Dada wa mapokezi alisukuma mlango kwa kiuno, mikononi kakumbatia maboksi matatu. Aliyaweka mezani, akajifuta uso, kisha akamkazia macho aliyeketi chini ya taa.

“Umelia tena.”

“Vumbi la plasta.”

“Vumbi gani hilo linakuja kila Jumanne?”

Hiyo ilikuwa maabara ya meno, chumba kirefu nyuma ya duka la dawa, chenye meza nne na rafu zilizojaa vinywa vya plasta vilivyoachama. Madaktari wa mji mzima walileta kazi zao hapo. Wao humpima mgonjwa kwa uji mzito unaoganda kinywani, hukimiminia kipimo hicho plasta, wakapata sanamu ya kinywa, na juu ya sanamu hiyo mafundi huunda meno. Mafundi hawakuwaona wagonjwa. Hata majina yao hawakuyajua. Kila boksi lilikuwa na namba na karatasi ya oda, basi.

Kazini wote walimwita Fundi. Ni mtu mmoja tu duniani aliyemwita Nta, kwa sababu vidole vyake havikuacha kunukia nta hata akivisugua kwa sabuni mara tatu. Na mtu huyo alikuwa na miezi minne hajamwita hivyo.

“Mwenzangu, mimi si mtu wa maneno,” dada wa mapokezi alisema, akivuta kiti karibu.

“Wewe?”

“Sawa, ni mtu wa maneno. Lakini haya nimeyaona kwa macho yangu. Yule wako, fundi wa makochi, juzi nimemwona upande wa pili wa mji. Anatoka kwenye jengo moja, kafunika mdomo kwa leso, anatembea ukutani ukutani kama mwizi wa kuku. Nyuma yake mwanamke, mweupe, nadhifu, anampungia mkono. ‘Usisahau Ijumaa,’ anamwambia. Mtu wa kazi gani anafunika uso akitoka kazini?”

Nta alichukua simu, akafungua ujumbe ambao alishauhifadhi kichwani neno kwa neno.

“Nta, tusimamishe habari ya harusi kwanza. Usinipigie na usije. Nikiwa tayari nitakutafuta mwenyewe.”

Baada ya ujumbe huo alipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa hata moja. Mama yake akasema, “Mwanaume anayekata simu ana simu nyingine,” na kuanzia siku hiyo akakataza jina la yule bwana lisitajwe mezani.

“Sasa ushajua,” dada wa mapokezi alisema kwa sauti ya chini. “Pole. Kunywa chai, ufanye kazi.”

Nta aliinamisha kichwa. Kila asubuhi kabla ya kushika kisu cha nta alikuwa na desturi ya kuomba, maneno machache tu: Bwana, mikono ni yako, niongoze. Asubuhi hiyo aliyasema bila kuyasikia. Kisha akafungua boksi la tatu.

Ndani mlikuwa na sanamu mbili, taya la juu na taya la chini, na karatasi: *Mgonjwa 318. Mwanamume. Meno ya mbele ya juu, sita, hayapo. Tengeneza seti ya kuvaa na kuvua. Meno ya kawaida, yaliyobanana, rangi ya wastani.*

Alianza na taya la juu. Macho yake yalizoea kusoma plasta kama wengine wanavyosoma barua. Pale yalipokuwepo meno sita, mfupa ulikuwa umeanza kuyeyuka, umepungua kama kipande cha sabuni kilichosahaulika majini. Magego mawili ya upande wa kushoto yalikuwa yameinama kuelekea kwenye pengo, kama watu wanaosogea kwenye kiti kilichoachwa wazi. Huyu mtu anatafunia upande mmoja, aliwaza. Mdomo wake wa juu umeingia ndani. Akisema neno lenye F, upepo unampita.

Akashika taya la chini.

Akalisogeza karibu na macho.

Meno mawili ya mbele, ya chini, yalikuwa na kijibonde katikati, kimelika kidogo kidogo kwa miaka, ukubwa wa shingo ya msumari mdogo. Nta alikijua kijibonde hicho. Mafundi wa makochi hubana misumari kwenye meno ili mikono ibaki na nyundo na kitambaa. Mafundi wa namna hiyo wako wengi mjini. Lakini pembeni, jino la chonge la kulia lilikuwa limegeuka ubavu, kama mtu aliyesikia ameitwa na jirani.

Chonge kama hilo alilijua moja tu. Mara ngapi alikuwa amelitania! “Hilo jino lako linamtazama nani?” Na yeye hujibu, “Linakutazama wewe ukikaa upande huo.”

Nta aliizungusha sanamu kwenye mwanga, pole pole. Watu maelfu wamepita kwenye rafu zile na hakuna vinywa viwili vilivyofanana. Mungu hakurudia hata kimoja. Na kati ya vinywa vyote vya mji, hiki ndicho kilichowekwa kwenye viganja vyake.

“Misumari,” alinong’ona. Ndivyo alivyomwita. “Kumbe ni wewe.”

“Umesema nini?” dada wa mapokezi aliuliza kutoka mlangoni.

“Nasali.”

“Endelea, mama. Uniombee na mimi nipate wa kunikimbia, mradi nipate.”

Sheria ya maabara ilikuwa moja, na bosi wao aliibandika ukutani: kinachosomwa kwenye plasta hakitoki nje ya mlango. Nta hakuweza kumwambia dada wa mapokezi, wala mama yake. Na kumpigia yeye mwenyewe? Kumwambia nimekuona, wakati mtu alihangaika kiasi hicho asionekane? Aliishika simu, akaiweka. Akaishika tena. Mwishoni alimpigia daktari aliyeandika oda, maana hilo lilikuwa haki yake.

“Daktari, habari za kazi. Ni kuhusu namba mia tatu kumi na nane.”

“Ee, fundi wangu, sema.”

“Kwa nini hujafikiria daraja? Au vipandikizi?”

“Nimefikiria, tumezungumza naye sana. Daraja huegemea meno ya jirani, linataka nguzo imara pande zote mbili, na meno yake ya pembeni yanatikisika. Vipandikizi ni skrubu inayoingia kwenye mfupa, na mfupa unataka mwili uliotulia. Huyu ana kisukari, alikuwa hajui. Ndicho kilichokula fizi zake. Meno yalianza kucheza, mengine yakadondoka yenyewe, mengine nikayang’oa mimi. Sukari ikitulia mwaka mzima tutaongea habari za skrubu. Kwa sasa, ya kuvaa na kuvua.”

“Kisukari,” Nta alirudia.

“Anajitahidi sana. Hakosi kliniki. Ila haongei na mtu, huwa anafunika mdomo kwa leso hata mbele yangu. Nilimuuliza una mke? Akaandika kwenye karatasi, ‘Nilikaribia.’ Aliandika, fundi. Hakutaka kufungua mdomo.”

Nta alifunga macho. Daktari huyu ndiye yule mwanamke mweupe, nadhifu. Hiyo ndiyo Ijumaa.

“Fundi? Bado uko hewani?”

“Nipo, daktari. Nitamtengenezea vizuri.”

Siku tisa alifanya kazi hiyo. Alifunga taya zote mbili kwenye kile kifaa cha chuma chenye bawaba, kinachofungua na kufunga kama kinywa cha mtu. Akayeyusha nta ya rangi ya ufizi, akaanza kupanga meno, moja, la pili. Oda ilisema yabanane. Aliyabananisha. Akarudi nyuma hatua moja kutazama.

Yalikuwa meno mazuri. Na hayakuwa ya mtu yeyote.

Kwa maana Misumari alikuwa na mwanya. Mwanya wa juu, katikati, wa upana wa sarafu ikikaa wima. Alipocheka ndio ulioanza kucheka kwanza. Daktari asingeweza kuujua, kwani alipomwona mgonjwa mara ya kwanza meno mawili ya katikati yalishadondoka. Na mgonjwa hakuuomba. Labda aliona haya kuomba kilichokuwa chake.

Nta alipasha kisu motoni. Aliomba, na safari hii aliyasikia maneno yake. “Bwana, wewe uliuweka kwanza. Mimi naurudishia tu.” Akasogeza jino la kulia unywele mmoja, na la kushoto unywele mmoja.

Akatazama tena, akaweka kisu chini taratibu. Kutoka kwenye nta na plasta, bila macho na bila pua, Misumari alikuwa akimtabasamia.

Alhamisi, siku ya jaribio, daktari alimtaka aende mwenyewe kliniki, ili kama kuna jino la kusogezwa lisogezwe hapo hapo nta ikiwa laini. Nta alienda na taa yake ndogo na kisu chake. Daktari alimweka kwenye chumba kidogo cha pembeni, mlango ukarudishwa. Alifungua boksi na papo hapo akaita kwa mnong’ono wa hasira.

“Fundi! Nimekuandikia yabanane. Huu mwanya umetoka wapi?”

“Naomba umjaribishe hivyo hivyo, daktari. Akiukataa, nitauziba dakika tano.”

“Miaka yote hujawahi kunibadilishia oda.”

“Sijawahi.”

Daktari alimtazama, akatikisa kichwa, akatoka. Nta alisikia mlango wa nje ukifunguliwa, hatua, kiti kikilia.

“Karibu, kaka. Leo ni siku ya kuyaona. Lakini ni nta hiyo, usiume. Fungua. Haya. Funga taratibu. Sema sabini na saba.”

“Sabini na saba.”

Nta alishika ukingo wa meza. Sauti ilikuwa ile ile, nzito, yenye ukwaruzo kidogo mwishoni.

“Sema fundi, faraja, vitambaa.”

“Fundi. Faraja. Vitambaa.”

“Vizuri sana! Haya, kioo hiki. Kuna kitu kimoja fundi wetu amekosea hapo katikati, tutakirekebisha…”

Halafu Nta akasikia saa ya ukutani.

“Kaka? Unalia? Panaumiza?”

“Nani alikwambia nilikuwa na mwanya?”

“Hakuna aliyeniambia. Ni makosa, tutauziba sasa hivi.”

“Daktari, usiguse!”

“Sawa, siugusi.”

“Aliyeyapanga haya ni mwanamke?”

“Ndiyo.”

“Vidole vyake vinanukia nta?”

“Kaka, mafundi wa meno wote vidole vyao…” Daktari aligeuka kuutazama mlango wa chumba kidogo. Na Misumari akaona alikotazama.

“Nta?”

Miezi minne. Jina hilo lilipita kwenye ubao wa mlango na kumfikia kama maji baridi.

“Nipo.”

“Usitoke.”

“Sitoki.”

“Nakuomba, usitoke.”

“Nimesema sitoki, Misumari.”

“Jamani,” daktari alisema, “mnafahamiana?”

Hatua zilisogea mpaka mlangoni, zikasimama. Nta aliona kivuli cha viatu kwenye mwanya wa chini ya mlango.

“Umejuaje?”

“Taya la chini. Kijibonde cha misumari.”

“Mafundi wa makochi tuko wangapi mji huu!”

“Wengi. Mwenye chonge iliyogeuka ni mmoja.”

Misumari akavuta pumzi ndefu.

“Nilikimbilia upande huu wa mji ili usijue. Nikajua kliniki ya karibu na kwenu lazima ilete kwako.”

“Kliniki zote mji huu zinaleta kwetu.”

“Zote?”

“Tangu nianze kazi.”

“Kwa hiyo nilipanda mabasi mawili kukukimbia, halafu nikakutumia taya langu kwenye boksi?”

“Na karatasi juu yake.”

Misumari alicheka. Alicheka mara moja, kwa mshangao, na daktari akaruka kitini.

“Usicheke! Usicheke, baba, yatahama!”

Nta alisogea karibu na mlango.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nikuambie nini? Ulinionya mara ngapi? Hizo fizi zinatoka damu, nenda ukapime. Mimi nikasema mswaki mgumu. Ukasema midomo yangu inakauka, nakunywa maji kama ng’ombe, nenda ukapime. Nikasema joto. Halafu siku moja nakula mkate, Nta. Mkate laini! Nasikia kitu kigumu. Nadhani ni jiwe. Nakitoa, ni jino langu. Wiki iliyofuata la pili. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati la mteja, nikaona babu wa watu amesimama na nyundo yangu.”

“Ungekuja.”

“Kwako? Wewe unayeshika vinywa kutwa nzima? Ningekuwa namba. Ningekuwa boksi moja kwenye rafu yako.”

“Ukawa boksi.”

“Ndiyo.”

“Nimeshika taya zako siku tisa, Misumari. Nimeona mfupa ulivyopungua. Nimeona upande unaotafunia. Nimejua mpaka pale ulimi wako unapolala. Hakuna mtu aliyewahi kukuona nilivyokuona mimi, hata mama aliyekuzaa. Sasa unanificha nini?”

Kiganja kilitua mlangoni, polepole, upande wa pili. Nta alikiweka chake pale alipokisia kile kipo.

“Naona aibu,” alisema Misumari. “Ndiyo hiyo tu iliyobaki. Nikiyavua haya, uso wangu unaingia ndani. Sitaki uuone.”

“Basi sitafungua mlango huu. Siku ukitaka nikuone, utafungua wewe.”

Alisikia hatua zikirudi nyuma. Daktari aliyatoa meno ya nta, akampa tarehe, akamkumbusha dawa zake. Mlango wa nje ukafungwa. Kisha daktari akaingia kwenye chumba kidogo, akakaa juu ya kigoda, macho yamemjaa maji.

“Fundi, nimefanya kazi hii miaka kumi na saba. Leo nimeona muujiza kwenye kiti changu, na mimi nilitaka kuuziba.”

Wiki iliyofuata nta ikabadilishwa kuwa plastiki ngumu, ikang’arishwa, ikaenda. Nta hakupiga simu. Aliomba asubuhi, na siku nyingine akaomba kwa hasira, akimwuliza Mungu mtu anaweza kukaa upande wa pili wa mlango muda gani. Siku ya tano simu ikalia.

“Nimeyavaa. Leo nimesema fundi mara ishirini mbele ya kioo. Linatoka zima. Kutafuna bado, nimeanza na ndizi.”

Akajibu, “Anza pande zote mbili kwa pamoja, yasiinuke. Usiku yavue, yaloweke kwenye maji safi, fizi zipumzike.”

“Ndiyo, fundi.”

Baada ya dakika moja, ujumbe mwingine.

“Nta, naomba kuja kwenu.”

Kazi ikawa kwa mama.

“Aje kufanya nini?” mama alifoka, akikunja nguo kitandani. “Miezi minne! Umekonda, umelia, mimi nimelala na masikio wazi nikikusikia. Leo anataka chai?”

“Mama, ilikuwepo sababu.”

“Ipi?”

“Siwezi kuisema mimi. Si yangu.”

Mama alisimama na shuka mkononi. “Basi aje aiseme mwenyewe, mbele ya kaka yangu. Akidanganya, nitajua. Na akidanganya, mwanangu, umalize. Uniahidi.”

“Akidanganya, nitamaliza, mama.”

Jumapili alasiri walikaa sebuleni. Mama kwenye kochi kubwa. Mjomba pembeni yake, mzee mpole mwenye sikio moja lisilosikia. Shangazi yake Misumari, aliyemlea. Na dada wa mapokezi, ambaye hakualikwa na mtu ila alikuwa amewahi kuliko wote.

Misumari aliingia na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akasalimia. Akatabasamu. Nta alijiona anashika mkono wa kiti. Alikuwa ameyaona meno hayo kwenye meza yake siku tisa, ameyasugua, ameyaosha, lakini hakuwahi kuyaona yakiwa hai. Yalimeta kwenye mdomo wa mtu wake kana kwamba yameota hapo jana. Hata mama alilegea kidogo.

“Kwanza umependeza,” mama alisema, kama anayelalamika.

“Asante, mama.”

Mjomba alikohoa. “Mwanangu, sisi si polisi. Swali ni moja. Miezi minne ulikuwa wapi?”

Nta alimtazama Misumari, kisha akatazama magoti yake. Moyoni aliomba neno moja tu: fungua.

“Mjomba,” Misumari alianza, “ni kazi. Nilipata oda kubwa, viti vya ukumbi mzima. Nikabanwa. Simu nayo ikaharibika…”

Nta hakuinua macho. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa tu anasikia kitu kikitoka ndani yake, taratibu, kama mtu anayebeba vyombo vyake kuhama nyumba. Mama alimgeukia, akamwona, na uso wake ukawa mgumu.

“Haya,” mama alisema. “Tumesikia. Oda ya viti.”

“Mama, subiri.”

Misumari alikuwa amesimama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alimtazama Nta, akamtazama shangazi yake, na mkono wake ukapanda mpaka usoni, ukasita, ukashuka.

“Nimesema uongo sasa hivi. Viti havikuwepo. Simu ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeikata, mara kumi na moja, nilihesabu.” Akameza mate. “Nilikuwa naumwa, na niliona aibu. Naomba mnisamehe kwa mtakachokiona.”

Akatoa leso, akainama, na kwa kidole gumba akayainua meno yake. Yakatoka.

Shangazi alishika kifua. “Mwanangu! Mwanangu, na mimi hukuniambia?”

Dada wa mapokezi alifungua mdomo ukabaki wazi. “Ile leso,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akakosa la kuongeza.

Misumari aliinua uso. Mdomo wa juu ulikuwa umeingia ndani, mashavu yameshuka, kidevu kimepanda. Miaka thelathini na nne, na uso wa mzee. Alisimama hivyo katikati ya sebule, mikono chini, hakujifunika. Nta alimtazama. Alidhani atamwonea huruma. Kilichomjia badala yake ni kile kile kinachomjia mtu anapoingia peke yake kwenye nyumba ya ibada ikiwa tupu. Hakuwahi kuona uso uliofunguliwa kiasi hicho. Alijua kila mfupa wake, na bado ulikuwa mpya. Aliinuka bila kujua ameinuka.

Mama alikuwa amelia tayari, anajifuta kwa kiganja. “Kaa, mwanangu. Kaa chini. Nani alikufundisha kuugua peke yako?”

“Sikai, mama. Nilikuja kusema kitu, nimesema uongo kwanza, sasa niacheni niseme chenyewe.”

“Amesema nini?” mjomba aliuliza, akielekeza sikio lake zima. “Sauti, kijana! Kama ni jambo la maana, sisi sote tulisikie.”

Misumari alivuta pumzi. Akanyanyua sauti, na maneno yakatoka na upepo, mengine yakiteleza kwenye fizi, lakini hakuna mtu sebuleni aliyepoteza hata moja.

“Mjomba, mama, shangazi, na wewe dada wa mapokezi, nisikieni na mnishikie neno hili. Namtaka Nta awe mke wangu. Kuanzia leo simfichi tena. Nikiugua, atajua yeye kwanza. Nikiogopa, atajua yeye kwanza. Dawa zangu nitazinywa mbele yake. Na Mungu akinipa uzee mpaka nisibakiwe na jino hata moja, si la kuzaliwa wala la kuvaa, sitamfungia mlango. Naahidi.”